Fundi Aliyekuwa Akipungua

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu. Chumba cha mbele kilitazama barabara, na humo ndimo kilimokaa cherehani. Cha kati kilikuwa cha kulala. Cha nyuma, chenye mlango wa uani, kilikuwa cha mabeseni, wanga na pasi ya mkaa. Mume alishona mbele, mke alifua na kupiga pasi nyuma. Mtaa mzima uliwaita Fundi na Dobi, na hata wao wenyewe waliitana hivyo hivyo. Watoto wao wawili walikuwa wakubwa, wakifanya kazi mbali.

Kwa miaka mingi Dobi alipiga pasi akisikiliza cherehani. Kikienda mbio, naye alienda mbio. Kikinyamaza, alijua mumewe anampima mteja, au anabishana naye, maana Fundi alikuwa na mdomo. Aliwahi kumwambia mwalimu mkuu, "Koti halijabana, mwalimu. Ni wewe umelizidi." Mwalimu alicheka mpaka akatoka machozi, na mwezi uliofuata akaleta suruali mbili.

Kisha cherehani kikanyamaza kabisa. Mahali pake pakaja sauti nyingine.

Dobi aliisikia mara ya kwanza alasiri moja, upepo ulipoanza kuvuma. Tik. Tik, tik. Kimya. Tik. Ilitoka chumba cha mbele. Ilikuwa kama ukucha wa mtu unagonga ubao, taratibu, bila haraka. Aliweka pasi chini akaenda kutazama. Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono juu ya mapaja, macho ukutani. Hakuwa akigonga kitu.

"Fundi, unasikia hiyo?"

"Nyumba kuukuu hii," alijibu bila kugeuza kichwa. "Lazima ilielie."

Dobi alitazama huku na huku. Makoti sita ambayo hayajamalizwa yalining'inia ukutani, hayana mikono. Kioo kirefu cha wateja kilikuwa kimegeuzwa, uso wake ukutani, mgongo wake wa mbao ukitazama chumba.

"Nani amegeuza kioo?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Yule mtu aliyemo simjui. Na jinsi anavyonitazama sipendi."

Dobi alingoja acheke, kwa sababu mumewe alikuwa mtu wa mizaha. Fundi hakucheka. Dobi alirudi kwenye pasi yake haraka kuliko alivyokuja.

Fundi alikuwa na kisukari, na huo ulikuwa mwaka wa saba. Miaka sita ya kwanza walielewana, yeye na ugonjwa wake. Alimeza kidonge asubuhi na kidonge jioni. Aliacha sukari kwenye chai, akalalamika wiki mbili, akazoea. Mwaka wa saba miguu ikaanza kuwaka moto, kisha ikaanza kufa ganzi. Sasa, cherehani cha kukanyaga kinaendeshwa kwa miguu. Siku moja Fundi alikuwa akishona suti ya bwana harusi. Mguu haukulisikia kanyagio. Cherehani kikakimbia, mshono ukapinda, na kabla hajakizuia, kitambaa kikawa kimeharibika kifuani. Bwana harusi alifunga ndoa na koti la kuazima.

Fundi hakumlaumu mtu. Hakufoka. Aliketi tu. Toka siku hiyo hakushona tena, na hakutoka tena nje.

"Jikaze, bwana," Dobi alimwambia. "Wewe ni mwanamume. Koti moja ndiyo ulilie maisha yako yote?"

Alisema hivyo kwa sababu aliogopa, na woga wake ulikuwa na tabia ya kutoka kama hasira. Alianza kumlinda mumewe. Kila asubuhi na kila jioni alimletea kidonge kwenye kiganja, akasimama mbele yake.

"Meza. Fungua mdomo. Haya."

Fundi alimeza, akafungua mdomo, akafunga. Lakini aliendelea kukonda. Alikunywa maji jagi kwa jagi. Mashati yake yalimpwaya. Mhudumu wa afya wa mtaa alipita mara mbili kuuliza kwa nini haonekani kliniki. Huyu walimwita Bi Mwavuli, kwa kuwa alitembea na mwavuli wake jua liwake au mvua inyeshe. Mara zote mbili Fundi alimjibu kupitia dirishani, "Mzima tu, Bi Mwavuli. Nitakuja." Hakwenda.

Dobi alipiga hesabu yake. Dawa anameza, namwona kwa macho yangu. Chakula anapewa. Basi kinachomla mume wangu si kisukari. Ni kitu kingine, na kitu hicho kimo humu ndani, kinagonga.

Wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, alikuja Ijumaa moja alasiri. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye moyo mzuri na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Walikaa chumba cha kati kunywa chai. Upepo ukaanza. Tik. Tik, tik.

Wifi aliweka kikombe chini.

"Wifi," alinong'ona, na kwake kunong'ona kulikuwa jambo kubwa. "Nyumba hii ina mtu."

"Umesikia?"

"Si nimesikia! Anahesabu. Sikiliza. Anahesabu siku za ndugu yangu."

"Usiseme hivyo."

"Nasema ninachosikia. Nitakuletea mtu ninayemjua, anafukuza vitu kama hivi. Lakini kwanza chumba kile kioshwe chote. Nguo, vitambaa, pazia, kila kitu."

Kuosha ni kitu ambacho Dobi alikijua. Alikunja mikono ya gauni lake akaingia chumba cha mbele. Wifi alibaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, tayari kukimbia. Fundi alikuwa pale pale kwenye kiti.

Dobi alianza na meza. Alipoinua daftari la vipimo ili afute vumbi, lilifunguka ukurasa wa mwisho. Kila ukurasa wa daftari hilo ulikuwa na jina la mteja juu yake. Ukurasa huu haukuwa na jina. Ulikuwa na vipimo vya kila Ijumaa, kwa mwandiko safi wa mumewe. Kifua arubaini na mbili, kiuno thelathini na nane. Kifua arubaini na moja, kiuno thelathini na saba. Mistari ilishuka hivyo mpaka chini. Mstari wa mwisho ulikuwa wa leo. Kifua thelathini na sita.

"Fundi, mteja gani huyu anayepungua kila wiki?"

"Ni mimi."

"Unajipima?"

"Ndiyo."

"Ya nini?"

"Nataka kujua nitakwisha lini."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, sauti ile ile aliyokuwa akimwambia mteja suruali itakuwa tayari Jumatano. Mikono ya Dobi haikujua kukaa bure, basi akalivuta pazia la kahawia dirishani, akalitoa kwenye waya, akatoka nalo mbio mpaka uani. Alilitumbukiza ndani ya beseni la maji.

Maji yakawa meupe.

Hakuwa ametia sabuni. Pazia lilikuwa la kahawia. Weupe ulitoka chini ya kitambaa, ukapanda polepole kama maziwa, ukajaza beseni.

"Usiguse!" Wifi alipiga kelele. "Toka hapo! Usiguse!"

Dobi alirudi nyuma hatua mbili. Alitaka kukimbia. Lakini mwanamke huyu alikuwa amefua miaka ishirini na tano, na hakuna beseni lililowahi kumkimbiza. Alisogea. Alitia mikono ndani, akalishika pindo la pazia. Ndani ya pindo mlikuwa na vitu vidogo vigumu, vimepangwa mstari, kimoja baada ya kingine.

Aliomba mkasi. Wifi aliurusha kutoka mbali. Dobi alifumua nyuzi tatu, na kidonge kikamwangukia kiganjani, nusu kimeyeyuka. Alifumua tena. Kidonge. Tena. Kidonge. Kila kimoja kilikuwa kimeshonewa kijifuko chake, kwa mkono, kwa mshono mdogo usioonekana. Pindo lote lilijaa. Vilikuwa zaidi ya mia. Kumbe kila upepo ulipolitikisa pazia, ni pindo hili lililogonga mbao za dirisha.

Dobi alielewa yote kwa mara moja. Mumewe aliviweka vidonge chini ya ulimi, na yeye akiondoka, alivitema. Lakini avitupe wapi? Mkewe ni dobi, hupekua kila mfuko kabla ya kufua. Yeye ndiye anayemwaga taka, yeye ndiye anayetandika kitanda. Nyumba nzima ilibaki na mahali pamoja tu ambapo fundi anaweza kuficha kitu na dobi asikione.

Aliketi chini juu ya sakafu yenye maji, akalia.

"Nimwite yule mtu wangu?" Wifi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwache huyo mtu wako. Niitie Bi Mwavuli. Kimbia."

Bi Mwavuli alifika haraka, Wifi akihema nyuma yake. Alitazama beseni. Alitazama vidonge. Aliusimamisha mwavuli wake kwenye kona ya chumba cha mbele, akavuta kigoda, akaketi karibu kabisa na Fundi. Dobi aliingia na pindo lililolowa mkononi.

"Mwone huyu! Miezi miwili ananichezea! Kila siku nasimama hapa kama..."

"Dobi, mama, kaa kwanza," Bi Mwavuli alisema. "Una haki ya kuumia. Lakini hapa hakuna mwizi. Hapa kuna mgonjwa."

Kisha akamgeukia Fundi. "Nieleze, kaka yangu. Unalala?"

"Naamka alfajiri mno. Basi, macho yanabaki wazi."

"Chakula?"

"Hakina ladha."

"Kuna kitu kinachokufurahisha?"

Fundi alitazama cherehani chake. "Zamani kilikuwepo."

"Tangu lini?"

"Tangu miguu ilipoacha kusikia. Nikajiambia, fundi asiye na miguu ni wa nini? Mke wangu anafua nguo za watu, mimi nimekaa kama mzigo. Kila kidonge kilikuwa kinanikumbusha. Kesho kingine. Keshokutwa kingine. Mpaka lini? Nikachoka."

"Nitakuuliza swali moja, na unijibu kweli. Umewahi kufikiria kujiua?"

"Bi Mwavuli!" Dobi aliruka. "Usimtie maneno hayo kichwani!"

"Simtii, mama. Kumuuliza mtu hakumfundishi. Kunampa nafasi ya kusema alichokibeba peke yake."

Dirisha lilikuwa wazi, halina pazia, na mwanga wote wa alasiri ulimwangukia Fundi usoni. Dobi aliona jinsi macho yake yalivyoingia ndani. Ilikuwa kama kumtazama mtu aliye mwisho wa ukumbi mrefu.

"Kujiua kwa mkono wangu, hapana," Fundi alisema. "Nilitaka tu kuisha. Polepole. Bila kumsumbua mtu. Nilidhani mke wangu atapumzika."

"Nipumzike!" Dobi alisema. "Nipumzike na nani humu ndani?"

Fundi aligeuza kichwa, akamtazama mkewe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi.

"Sikilizeni wote," Bi Mwavuli alisema. "Wifi, nawe ingia, hakuna atakayekumeza. Hiki alichonacho kinaitwa sonona. Ni ugonjwa. Si uvivu, si laana, wala si udhaifu wa mwanamume. Unamwondolea mtu usingizi, nguvu, hamu ya kula na hamu ya kuishi. Unamwambia kwamba hana thamani, na yeye anaamini."

"Kwa hiyo si kisukari?" Wifi aliuliza.

"Ni vyote viwili, na vinasaidiana kumwangusha. Mtu anayeishi na ugonjwa wa muda mrefu, kama kisukari, presha, pumu au maumivu ya viungo, yuko karibu zaidi kupatwa na sonona. Maumivu yanamchosha. Dawa za kila siku zinamchosha. Anapoteza kazi aliyoipenda. Si kila mgonjwa hupatwa nayo, lakini ni wengi. Kisha sonona ikiingia, mtu anaacha dawa, anaacha kula vizuri, anaacha kutembea. Sukari inapanda. Sukari ikipanda, mwili unazidi kuchoka, na moyo nao unazidi kuzama. Ukitibu kimoja ukaacha kingine, hujamaliza kazi."

"Inatibika?" Dobi aliuliza.

"Inatibika. Lakini leo hatungoji kesho. Mtu akisema anataka kuisha, haachwi peke yake. Na sukari yake naiogopa. Twende sasa hivi."

Fundi alitazama mlango. Alikuwa hajauvuka mlango huo kwa miezi miwili. Dobi alimshika mkono huu, Wifi akamshika mkono ule. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mwepesi wa kutisha. Walitembea barabarani polepole, na watu waliokuwa wakisalimia walinyamaza walipomwona.

Kwenye zahanati mashine ya kupima sukari ilisoma ishirini na tano, juu kupita kiasi. Wakamhamishia hospitali siku hiyo hiyo, akalazwa siku tano. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye miwani, na Wifi alimuuliza kama kweli amemaliza shule. Lakini daktari huyo alimsikiliza Fundi kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kumsikiliza. Sukari ilipotulia, aliwaita mtu na mkewe pamoja.

"Tutatibu vyote viwili," alisema. "Za kisukari utaendelea. Nakupa na dawa ya sonona. Usitegemee muujiza kesho, inachukua wiki kadhaa. Ukipata nafuu usiiache mwenyewe, njoo kwanza tuongee. Ikikuletea shida, njoo pia. Na kila wiki utakaa na mshauri wetu, mzungumze. Mazungumzo hayo nayo ni matibabu."

"Na mimi nifanye nini?" Dobi aliuliza. "Nisimsimamie?"

"Ulikuwa unakilinda kidonge, mama. Sasa mlinde mtu. Kaa naye. Muulize amelalaje. Mkague miguu kila jioni, maana yeye hahisi kidonda. Usimwambie ajikaze. Na akisema hajisikii vizuri, amini."

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu kuliko Dobi alivyotegemea. Ile sauti haikuwepo tena, lakini alasiri zilipofika alijikuta ameinua pasi hewani, anasikiliza. Fundi alikaa kwenye kiti kile kile. Siku nyingine hakuongea hata neno. Dobi aliogopa kwamba yule mume wake wa zamani hatarudi, na huyu aliyerudi kutoka hospitali ni mwingine tu aliyevaa nguo zake. Lakini hakusema ajikaze. Alileta ubao wake wa kupigia pasi chumba cha mbele, akafanya kazi pale, karibu naye. Jioni walitembea mpaka kona ya barabara. Baadaye walifika kona ya pili.

Wiki ya sita Wifi alikuja amebeba cherehani cha mkono.

"Nilipewa nilipoolewa," alisema. "Mume alienda zake, cherehani kikabaki. Nadhani nilibakiwa na kilicho bora. Hiki hakitaki miguu."

Fundi alikitazama. Alishika mpini, akauzungusha mara moja. "Hiki hakijatiwa mafuta tangu siku hiyo ya harusi," alisema.

"Wala mume hakutiwa mafuta," Wifi akajibu.

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu, lakini Dobi alilazimika kugeuka na kupiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshapigwa.

Mwezi wa nne wa matibabu, sukari ya Fundi ilishuka hadi saba. Shingo yake ilijaza tena kola ya shati. Wateja walianza kurudi, mmoja mmoja. Lakini Bi Mwavuli alikuwa amewaonya mapema: "Sonona inaweza kurudi. Ikirudi, msione aibu. Mapema ndiyo nzuri."

Ilijionyesha tena asubuhi moja yenye jua. Fundi alikuwa akimpima koti mwuza nyama wa mtaa, jitu la watu, lenye shingo nene na mzaha kwa kila mtu. Koti lilikuwa limepigwa bandi tu, limeshikwa kwa nyuzi nyeupe za muda, na mkono mmoja haujawekwa. Wateja wengine wawili waliketi wakingoja. Dobi alikuwa anakunja nguo. Alimwona mumewe anaacha kupima katikati ya bega, anasimama, utepe mkononi. Uso wake ulififia. Dobi alijua ni nini anachokiona. Alishikilia meza.

Fundi alivuta pumzi. Kisha akasema, mbele ya watu wote:

"Jamani, mnisamehe. Leo siko sawa. Si mwili. Ni ile sonona, imeanza kunirudia tangu juzi. Nakwenda kumwona mshauri wangu sasa hivi. Koti tutamaliza kesho. Dobi, twende."

Mmoja wa wateja alitazama viatu vyake. Dobi alikuwa ameshaanza kujifunga kanga yake, machozi yanamtoka, na hakujali nani anayaona. Mumewe alikuwa amesema. Hakujificha, alisema.

Ndipo mwuza nyama alipoweka mkono wake mkubwa juu ya bega la Fundi.

"Ngoja," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. "Nina presha mwaka wa nane. Vidonge vyangu nimeacha tangu mwezi uliopita. Silali. Sijamwambia mtu, hata mama watoto. Huyo mshauri wako... anapokea na wengine?"

"Anapokea," Fundi alisema.

"Basi twende wote."

"Vua kwanza koti, halijashonwa."

"Nikikaa kulivua nitabadilisha nia," mwuza nyama alisema.

Wakatoka, Fundi huku, mwuza nyama kule, Dobi katikati yao. Koti lile la mkono mmoja lilionyesha nyuzi zake nyeupe mpaka mwisho wa barabara, na watu waligeuka kulitazama, na hakuna hata mmoja kati yao watatu aliyepunguza mwendo.